Unanunua boti ya familia iliyotumika kwa hela ya kuunga? Pitia dalili hizi kwanza

Huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Makambako, mtu akitaka boti ndogo ya kwenda na watoto Matema kwenye ziwa Nyasa au bwawa la Mtera mara nyingi inakuwa hivi: anapigiwa simu kuna boti ya faiba ipo uani kwa mtu, anaenda kuiangalia, injini inawashwa kwenye pipa la maji, inanguruma vizuri, hela inatoka. Boti ikifika ziwani ndo matatizo yanaanza, na malalamiko ni yale yale kila mara. Inazima katikati, haipandi juu ya maji ikibeba watu sita, inapata moto, maji yanaingia hayajulikani yanatoka wapi, ukuta wa nyuma unaobeba injini umeoza.

Nimeyapanga kwa dalili, na kila dalili naanza na sababu inayotokea sana namalizia na ile ya nadra, ili uanze kucheki kitu cha bure kabla hujafungua kitu cha hela. Ila msimamo wangu nausema mapema: pipa la Mbeya halipimi boti. Boti inapimwa ziwani, ikiwa na mzigo kama wa familia yako, asubuhi upepo haujaamka. Muuzaji akikataa hilo, we ondoka tu, boti zipo.

Vitu vya kubeba: tochi, bisibisi kubwa yenye mpini mgumu, spana ya plagi, geji ya kompresheni, yaani ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda (kama huna azima kwa fundi pikipiki anayejitambua, ila hakikisha nyuzi zake zinaingia kwenye tundu la plagi), multimita ya kupimia umeme, kitambaa cheupe, na oili kidogo ya gia ya kurudishia. Alafu toa kama robo ya bajeti yako yote uiweke pembeni, hiyo sio ya kununulia, ni ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Una milioni kumi? Tafuta boti ya milioni saba na nusu.

Dalili: injini ngumu kuwaka ikiwa baridi, au umefika umeikuta ya moto tayari

Ukifika tu, kabla hata ya salamu kuisha, omba kofia ya injini ifunguliwe na ushike bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto maana yake imewashwa kabla yako, na mara nyingi imewashwa kwa sababu ikiwa baridi inasumbua. Mwambie utarudi kesho asubuhi na asiiguse. Mbeya mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kweli kweli, huo ndo muda mzuri wa kupima, injini inayowaka saa moja asubuhi Uyole itawaka popote.

Sababu kwa mpangilio: petroli ya zamani iliyokaa tangini miezi, plagi chafu, betri dhaifu, choki haifungi, kabureta imeziba, alafu mwisho kabisa kompresheni imeshuka. Anza na rahisi. Weka petroli mpya kwenye galoni safi ya kwako, bonyeza ile pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta mpaka iwe ngumu, washa. Ikiwaka vizuri basi tatizo lilikuwa tangi. Isipowaka toa plagi uziangalie: nyeusi yenye unyevu wa oili, mchanganyiko umezidi oili au choki imekwama, yenye chembe za maji au kutu, hapo ongeza umakini, maji yameingia mahali ambapo hayatakiwi kuwepo. Na kabla ya yote hayo angalia ile kamba nyekundu ya kuzimia kama imechomekwa na gia ipo frii, watu wameshusha kabureta bure kwa sababu ya hiyo kamba.

Kompresheni sasa. Pasha injini kidogo, zima, toa plagi zote, chomoa kamba ya kuzimia ili isipige cheche, fungua mafuta mpaka mwisho, zungusha stata mpaka mshale usimame. Fanya silinda zote. Kuna jambo moja hapa watu wa nyanda za juu tunalikosea sana. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwaiyo geji yenyewe inasoma chini. Injini ambayo Dar ingesoma psi 120 hapa inaweza kukusomea kama 100 na ni nzima kabisa. Fundi asiyelijua hilo anaiua injini nzuri kwa maneno, na mwingine mjanja anakuambia "ni mwinuko tu huo" wakati silinda moja imekufa. Usiangalie namba yenyewe, angalia tofauti. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 kuna kitu: ringi, gasketi ya silinda hedi, au pistoni imekwaruzwa. Moja ikiwa 100 na nyingine 70, acha hapo, usiendelee kuiwasha, hiyo ni injini ya kufungua na bei yake ni bei ya chuma chakavu hata kama rangi inang'aa.

Dalili: Mbeya ilikuwa safi, ziwani inapata moto au inakufa nguvu ghafla

Hii naomba usome taratibu. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwaiyo injini ya nguvu za farasi 40 pwani, ikiwa Mbeya inabaki na kama 33. Mafuta nayo yanazidi hewa, inatoa moshi mweusi, inakohoa. Sasa mwenye boti akiwa anaiwashia nyumbani kwake anaona inavuta vibaya, anamwita fundi, fundi anapunguza mafuta, anabana skrubu au anaweka jeti ndogo (kile kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta). Kwenye pipa inakuwa tamu. Ukiishusha Matema, ziwa liko kama mita 475, hewa ni nzito, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, pistoni zinapata joto kupita kiasi, na kwenye injini za kuchanganya oili mafuta machache ndo oili chache pia. Unatembea dakika ishirini kwa kasi, pistoni inakwama. Injini imekufa nawe uko katikati ya maji na familia.

Kwaiyo uliza moja kwa moja: kabureta imewahi kurekebishwa ikiwa huku juu? Jeti ni za kiwandani? Majibu yakiwa ya kuzunguka zunguka, peleka kwa fundi wa injini za boti arudishe vipimo vya kiwandani kabla ya safari ya kwanza. Injini mpya mpya zenye kompyuta zinajirekebisha zenyewe, hilo kwao sio tatizo, ila ukiharibikiwa sensa huku kwetu kuipata ni kazi. Ndo maana mimi kwa mtu wa bajeti ndogo bado napendekeza injini rahisi ya kabureta ambayo wavuvi wanaitumia, kama zile Yamaha Enduro, maana spea zake zinapatikana na mafundi wanazijua hata usiku.

Na uchanganyaji: kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, galoni ya lita 20 inataka oili mililita 400, ya boti, sio ya pikipiki wala ya msumeno wa mbao. Wakwetu wa Mafinga wenye misumeno najua mnayo oili ya kuchanganya ndani, iacheni hukohuko.

Dalili: haitemi maji nyuma, au inatema kidogo, au inapiga king'ora cha joto

Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa, na ule mchirizi unaotoka pembeni ndo unakuambia pampu inafanya kazi. Sababu inayoongoza ni katundu ka mchirizi kuzibwa na uchafu au wadudu, boti imekaa uani mwaka mzima nyigu wamejenga humo. Ingiza waya laini uchokonoe. Ya pili ni impela, ile raba ya pampu ya maji, imekauka au imevunjika mabawa kwa sababu mtu aliwasha injini bila maji "sekunde mbili tu nikuonyeshe". Sekunde chache kavu zinaweza kutosha kuiharibu. Usikubali hata siku moja injini iwashwe kavu mbele yako, na ukiona muuzaji anafanya hivyo kwa kujiamini jua impela imeshaliwa tayari. Ya tatu ni themostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza kulingana na joto, imekwama. Ya nne, mbaya zaidi, ni njia za maji ndani ya bloku kuziba kwa chumvi.

Hii ya chumvi inahusu boti zilizotoka Dar, Tanga au Zanzibar, na nyingi zinazopanda Kitonga kuja huku zimetoka huko. Boti ya baharini ambayo haikuwa inasafishwa kwa maji baridi kila ikitoka, ndani inajaa chumvi na kutu. Omba kifuniko cha themostati kifunguliwe, ni bolti chache tu, ukikuta unga mweupe umeganda na chuma kinamomonyoka, injini hiyo ina muda mfupi. Angalia pia vile vipande vinavyofungwa chini ya injini ili kutu ivile vyenyewe badala ya injini: vya baharini ni vya zinki, kwenye maji baridi kama ya Nyasa zinki inajifunika utando na kuacha kufanya kazi, unatakiwa kuweka vya magnesi au alumini. Ni kitu cha bei ndogo, kila mtu anakisahau.

Impela badilisha tu ukishanunua, hata kama inatema vizuri. Ukibadilisha impela na themostati bado inapata moto, zima, usiilazimishe kufika nyumbani, vutwa. Hapo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, gasketi au bloku.

Dalili: oili ya gia boksi imebadilika rangi

Kwenye mguu wa injini, ile sehemu ya chini yenye propela, kuna bolti mbili, ya chini ya kumwagia na ya juu ya hewa. Legeza ya chini kidogo matone machache yadondokee kwenye kitambaa cheupe. Fanya hivi injini ikiwa imekaa usiku kucha bila kuwashwa, maana maji yakiwepo yatakuwa yametulia chini. Oili safi au nyeusi kidogo haina shida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yakitangulia maji matupu ndo oili ifuate, yameingia mengi.

Sababu ya kwanza, na huku ziwani ni ya kwanza kweli, ni uzi wa nyavu au mshipi uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili. Toa propela utauona umejikunja umekuwa mweusi. Ya pili ni washa za zile bolti mbili hazikubadilishwa. Ya tatu sili ya shafti ya juu. Ya mwisho nyumba yenyewe ina ufa, imegonga jiwe. Sili ni bei ndogo, lakini kama maji yamekaa humo miezi, gia na beringi zimeota kutu, sikiliza ukizungusha propela kwa mkono kama kuna mkwaruzo. Pia angalia vipande vya chuma kwenye kitambaa. Unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho sio kawaida, hiyo gia boksi inakwenda kwa fundi au boti inabaki kwa mwenyewe.

Dalili: injini inanguruma juu lakini boti haiendi

Kwenye injini ndogo angalia pini ya propela, imekatika, unabadilisha hapohapo ufukweni. Kwenye kubwa, raba ya ndani ya propela imechoka inateleza: piga mstari kwa maka peni kuanzia kitovu cha ndani mpaka sehemu ya nje, endesha, rudi uangalie, mistari ikiwa haikutani tena umepata jibu. Ikiwa ni pale unapokata kona tu, basi injini imefungwa juu sana na propela inavuta hewa. Lile bati la juu ya propela linatakiwa liwe karibu usawa mmoja na chini ya boti. Mwisho ni gia zenyewe, inaruka na kugonga ukiweka mbele. Kugonga huko hakujirekebishi.

Dalili: boti nzito, haipandi juu ya maji ikiwa na watu

Muuzaji akiwa peke yake na we pembeni, boti inaruka vizuri. Weka watu wazima wanne, watoto, galoni ya mafuta na chakula, pua inaangalia juu na inakataa kulala. Kabla ya kulaumu injini:

Watu na mizigo yote imekaa nyuma? Isogeze mbele. Pembe ya injini je, imesukumwa nje sana? Ivute ndani. Chini ya boti kuna mwani au rangi imevimba? Propela imepinda au sio yake? Kama kuna mita ya mizunguko, fungua mafuta yote ukiwa na mzigo na uangalie kama inafika kwenye kiwango cha kitabu, injini nyingi za foo-stroki ni kati ya 5,000 na 6,000. Haifiki, propela ni kubwa mno au boti nzito mno. Kupunguza pichi (mlalo wa mabawa ya propela) inchi moja kunaongeza kama mizunguko 150 mpaka 200. Hizo zote ni sababu za bei nafuu.

Sababu ya gharama ni povu lililoloa. Boti nyingi za faiba zina povu chini ya sakafu la kuisaidia kuelea, na likishavunja ukuta wake linanyonya maji, na kila lita ni kilo moja unayoibeba milele. Boti iliyokaa nje Tukuyu au Kyela, kwa mvua zile zinazonyesha kule karibu mwaka mzima, bila turubai na bila kutolewa kizibo cha chini, ichukulie ina maji mpaka ithibitike haina. Njia nzuri ya kujua ni mizani. Tafuta ghala la mahindi au la mbao lenye mizani ya magari, pima gari na trela na boti, alafu pima gari na trela bila boti. Linganisha na uzito ulioandikwa na mtengenezaji, ukijumlisha injini na mafuta kama havimo. Ukikuta kilo mia mbili za ziada zisizo na maelezo, hakuna anayekuja kuzitoa kwa bei rahisi, inabidi sakafu yote ing'olewe.

Dalili: ukuta wa nyuma unacheza, sakafu inabonyea

Hapa ndo napokuomba ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Injini mbovu inabadilishwa. Ukuta wa nyuma uliooza unaweza kuachia injini ikazama nayo, na kuutengeneza vizuri mara nyingi kunazidi thamani ya boti yenyewe.

Ukuta ule kwenye boti nyingi za zamani ni plaiwudi iliyofunikwa faiba. Maji yanaingilia kwenye matundu ya bolti za injini, ya king'amuzi cha samaki, ya pampu, popote mtu alipotoboa bila kuziba vizuri. Kwa nje hauoni kitu, faiba inang'aa, ndani mbao imekuwa unga. Piga piga kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu kushuka, sentimita chache chache. Sehemu nzima inatoa sauti kali ya juu, iliyooza inatoa sauti ya chini iliyokufa. Alafu shika injini pale chini kabisa kwenye pezi lake, iinue na kuishusha kwa nguvu huku mwenzio ameinama ndani ya boti anaangalia ukuta. Ukiona ukuta unapumua, hata milimita chache, au nyufa kwenye pembe ambapo ukuta unakutana na mbavu, umepata jibu. Dalili nyingine ni bolti za injini ambazo washa zake zimezama ndani ya faiba, na kibao kipya au rangi mpya sehemu hiyo tu. Rangi mpya nyuma ya boti ya zamani inanipa wasiwasi kuliko mikwaruzo.

Kuthibitisha, omba ruhusa ya kutoa skrubu moja ya chini kwa ndani. Ikitoka na maji au unga mweusi wa mbao, imeisha.

Sakafu: vua viatu, tembea kila sehemu kwa kisigino, hasa pembeni na chini ya viti, na uinue zulia. Sehemu ndogo inayobonyea karibu na mlango wa kizibo inaweza kutengenezwa na fundi faiba mzuri. Sakafu nzima inayobonyea maana yake mbao za msingi zilizo chini nazo zimeoza, na hizo ndo zinaishika boti isijikunje kwenye mawimbi. Ukuta unacheza au msingi umeoza: usiishushe majini hata kujaribu, na usimruhusu fundi wa magari akakuwekea bati na bolti ndefu akasema imepona.

Dalili: maji yanaingia ndani

Kizibo kwanza. Kweli, kizibo. Alafu mipira ya pampu ya kutolea maji, matundu ya skrubu chini, ufa kwenye pua iliyokwaruzwa na mchanga wa ufukweni, na sehemu ukuta unapokutana na chini ya boti. Kaushia ndani kabisa kwa kitambaa, ishushe majini bila kuwasha, kaa nusu saa na tochi ukiangalia yanaanzia wapi. Kama yanaingia ikitembea tu, tatizo liko juu ya mstari wa maji au kwenye pembe za nyuma. Jasho na mvua vinachanganya watu, ndo maana nasema ukaushe kwanza. Yakiingia kwa kasi ambayo pampu ya umeme ikiwashwa hayapungui, toka majini mara moja.

Umeme

Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu, injini ikiwaka inatakiwa ipande 13.5 mpaka 14.5 kama ina chaja. Haipandi, hakuna kuchaji, uliza kabla. Waya za nyumba zilizosokotwa na kufungwa selotepu, ng'oa zote weka upya na fyuzi zake. Nyaya zilizoungua karibu na tangi la mafuta hazina mjadala, hiyo boti haiwashwi mpaka fundi azione.

Boti yenye injini ndani

Zipo zinazoletwa kutoka nje, nzuri, zina viti vya ngozi, bei inashawishi, injini ya gari imefichwa nyuma na mguu unatoka nje. Kwa bajeti ndogo huku nyanda za juu, mimi nakataza. Mipira inayozuia maji pale mguu unapotokea inachakaa kwa miaka, ikipasuka boti inazama ikiwa imefungwa ufukweni, na spea utaagiza Dar au nje. Kubwa kuliko yote ni mvuke wa petroli unaokusanyika chini ya kifuniko. Kabla ya kuwasha lazima feni ya kutoa hewa itembee dakika nne na unuse kwa pua yako. Ukisikia harufu ya petroli, usiguse swichi yoyote, shusha watu, ita fundi. Boti za aina hiyo zimeshalipuka huko duniani mara nyingi kwa sababu hiyohiyo moja.

Trela

Kutoka Uyole kupita Tukuyu kushuka Kyela ni mteremko mrefu, na trela yenye beringi kavu inashikia moto hapo. Inyanyue kila tairi lizungushe, litikise, kelele au kucheza ni beringi. Siku ya kuivuta simama baada ya kama dakika ishirini ushike kitovu cha tairi, kikiwa cha moto wa kuunguza usiendelee. Shuka na gia ndogo, usitegemee breki ya gari peke yake.

Siku ya jaribio, na karatasi

Nyasa kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini, mwera wenyewe, unaweza kuibua mawimbi makubwa kwa muda mfupi, kwaiyo nenda asubuhi mapema, sikiliza utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa) na uwasikilize wavuvi wa hapo, kila mtu jaketi okozi mwilini. Jaribio la kwanza watoto wabaki ufukweni, weka watu wazima au mifuko ya mchanga kufikia uzito wa familia, na usitoke mbali. Mtera kuna visiki vya miti chini ya maji na kina kinashuka kiangazi, usijaribu kasi mahali usipopajua, na kumbuka viboko na mamba wapo. Endesha nusu saa nzima: polepole, kasi, kona pande zote, rivasi, zima na washa ikiwa ya moto. Ikitoka, rudia kitambaa cheupe kwenye gia boksi na tochi chini ya sakafu.

Vyombo vya majini bara vinasajiliwa na kukaguliwa na TASAC (shirika la serikali la usafiri wa majini), boti iliyotoka Zanzibar inaweza kuwa imesajiliwa ZMA (mamlaka ya usafiri wa baharini ya Zanzibar), na iliyovuka kutoka Malawi inatakiwa iwe na karatasi za forodha. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina namba iliyogongwa upande wa kulia wa ukuta wa nyuma, na kwa zile za kuanzia 1984 tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli, kwaiyo anayekuambia ni ya 2012 wakati inaishia na 98 umeshamjua. Angalia pia kibati cha uwezo: watu wangapi, kilo ngapi, farasi wangapi. Injini kubwa kuliko kibati ni hatari kwa ukuta ule ule wa nyuma, na boti isiyo na kibati usiamue idadi ya watu kwa kuhesabu viti tu.

Lipa kwa awamu mbili. Kiasi kidogo cha kushikia kabla ya jaribio, kilichoandikwa kuwa kinarudi boti ikifeli, na kilichobaki siku ambayo namba ya boti na namba ya injini zimeandikwa kwenye mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria au ofisi ya serikali ya mtaa, na umezisoma mwenyewe kwa tochi ukaona ni zilezile zilizogongwa kwenye chuma.